Nyumba 40 na sahihi ya miaka kumi: je, tuifungie kampuni moja mlango wa faiba?

"Naishi Nzuguni hapa Dodoma, kwenye mtaa wa viwanja vilivyopimwa wenye nyumba kama 120. Nafanya kazi za uhasibu nyumbani na ni mama wa wanafunzi wawili wa chuo. Tunatumia bando za simu, na kila mwezi zinanimaliza. Rafiki yangu wa Area D anabembelezwa na kampuni tatu za faiba, intaneti ya waya wa kioo; sisi hatuna hata moja. Mwaka juzi walikuja vijana wakapaka alama za rangi kwenye mawe ya pembeni mwa barabara, wakapotea. Sasa kuna kampuni imeiendea kamati ya mtaa: nyumba 40 zijiandikishe, na kamati isaini kwamba kwa miaka kumi haitaruhusu kampuni nyingine kupitisha waya. Wajumbe wamegawanyika. Wengine wanasema tusubiri zije mbili zishindane ndipo bei ishuke. Wengine wanasema zikiwa nyingi hakuna atakayepata faida, kwa hiyo hakuna atakayechimba. Mzee wetu mmoja anauliza kwa nini tusijiunge moja kwa moja na Mkongo wa Taifa unaopita barabara kuu, si hata kilometa moja. Nani yuko sahihi, na tusaini?"

Dada yangu, asante kwa kuuliza kabla ya kusaini. Watu wengi hunitafuta mwaka wa tatu, karatasi imeshawafunga mikono.

Kama nimekuelewa vizuri, mnavutwa na hofu mbili. Mkisaini, mnaogopa kuwa mateka wa kampuni moja kwa miaka kumi. Mkikataa, mnaogopa itakunja virago na nyinyi mtabaki na bando. Jibu langu kwa ufupi: jiandikisheni, tena zaidi ya nyumba 40 mkiweza, lakini kile kifungu cha kuwazuia wengine kisipite kama kilivyoandikwa. Nitaeleza kwa nini, kwa sababu mkiingia kwenye kikao bila kuijua hesabu ya mwenye kampuni mtaongea naye kama watu wanaoomba msaada. Hamuombi msaada. Mna kitu anachokihitaji sana, na nitakuonyesha ni kitu gani.

Nianze na mzee wenu, maana swali lake naliheshimu na naulizwa karibu kila mtaa. Mkongo wa Taifa, yaani waya mkuu wa mawasiliano wa nchi, mwufikirie kama njia ya umeme ya msongo mkubwa. Nguzo zile ndefu za chuma zinaweza kupita juu ya shamba lako, lakini huwezi kutundika waya ukauleta sebuleni. Umeme lazima uingie kituoni, upozwe, ugawanywe, ndipo ufike kwenye transfoma ya mtaa. Mkongo uko hivyohivyo, na ufanano wenyewe si wa maneno tu: sehemu za mkongo wetu zimepita ndani ya ule waya wa juu kabisa wa kukinga radi kwenye nguzo za TANESCO. Mkongo hubeba mawasiliano kutoka mji hadi mji. Hufunguliwa kwenye vituo maalumu, na TTCL, inayousimamia kwa niaba ya Serikali, huuza uwezo wake kwa jumla kwa makampuni. Kampuni huchukua mzigo pale kituoni na kuuleta mtaani kwa waya wake yenyewe. Mtaani kuna kasha, ndani ya kasha kuna kigawanyo, na kutoka hapo unyuzi mmoja wa kioo hugawanywa kwa nyumba 32 au 64. Kwa teknolojia iliyoenea zaidi, nyumba hizo zote hugawana gigabiti 2.5 kwa sekunde za kushusha na 1.25 za kupandisha. Kwa hiyo mkongo kupita jirani ni heri, kwa sababu unafupisha safari kutoka kituoni ikiwa kituo nacho kiko jirani. Mlango wa kuingilia haupo pale barabarani.

Kazi ngumu, na fedha nyingi, viko kwenye hicho kipande cha mwisho. Kioo chenyewe ni cha bei nafuu. Kinachokula fedha ni kuchimba, kulaza mabomba, kujenga chemba, kusimamisha nguzo, kulipia vibali, kukata na kurudishia barabara. Na Dodoma tunaijua: sehemu nyingine unachimba mchanga mwekundu kwa jembe asubuhi, saa tano sururu inagonga mwamba na kazi ya siku moja inakuwa ya wiki. Ongeza na viwanja vyetu vikubwa. Mtaa wa Kariakoo una familia nyingi ndani ya mita mia moja. Mtaa wako katika urefu huohuo una nyumba chache zilizokaa mbalimbali, kila moja na uwanja wake na miti yake.

Tufanye hesabu. Tarakimu hizi nazitunga ili tuone namna inavyokwenda. Za kampuni yenu waulizeni wenyewe. Tuseme kufikisha faiba mtaani kwenu kunagharimu shilingi milioni 60, na kila mteja, baada ya kutoa gharama za kila mwezi, anaiachia kampuni shilingi 25,000. Ikipata nyumba 60 kati ya 120, inakusanya milioni moja na nusu kwa mwezi, na fedha yake inarudi ndani ya miezi 40. Ikipata nyumba 40, inakusanya milioni moja, na fedha inarudi kwa miezi 60, yaani miaka mitano. Umeona basi ile namba 40 inakotoka? Mtu amekaa na kikokotoo. Na ile miaka kumi nayo inajieleza: mitano ya kurudisha mtaji, mitano ya kula.

Endelea kidogo. Tuseme wa pili naye anakuja, anachimba mtaro wake kando ya wa kwanza kwa milioni 60 nyingine, na wateja 40 wanagawanyika nusu kwa nusu. Sasa kila mmoja ana nyumba 20, anapata laki tano kwa mwezi, na fedha yake inarudi kwa miezi 120. Miaka kumi kila mmoja, kabla ya kuonja faida. Hakuna benki inayopenda mkopo wa namna hiyo, na bei ikishuka kwa ushindani miaka inazidi. Hapa ndipo wajumbe wanaosema "zikiwa nyingi hakuna atakayechimba" wanapokuwa na hoja ya kweli. Wasidharauliwe.

Wenye kutaka ushindani nao wana hoja yao, na ushahidi ni mwingi. Mwaka 2013, tarehe 9 Aprili, Google ilitangaza kupeleka faiba mji wa Austin, Marekani. Siku ileile AT&T, kampuni kongwe iliyokuwa na wateja wa mji huo kwa miaka mingi, ikasema iko tayari kujenga mtandao wa gigabiti mjini humo. Desemba ya mwaka huo AT&T ilishaanza kuhudumia nyumba, wakati Google ilikuwa bado haijaunganisha hata moja. Sururu zilianza kusikika kwa sababu ya tangazo tu. Jirani zetu Kenya, Starlink iliingia Julai 2023 ikiuza intaneti ya setilaiti, na Septemba 2024 Safaricom ikapandisha kasi za faiba yake ya majumbani kwa bei zilezile: aliyekuwa analipia megabiti 40 akapata 80, wa 100 akapata 500. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sisi wenyewe tumelipitia hili. Hadi Februari 2005 TTCL ndiyo pekee iliyokuwa na haki ya simu za mezani Tanzania Bara. Hadi 2009 intaneti yetu ya kimataifa ilitegemea setilaiti, finyu na ghali mno. Julai 2009 waya wa baharini wa SEACOM ukafika Dar es Salaam, mwaka uliofuata ukaja EASSy, na mfanyabiashara wa intaneti kwa mara ya kwanza akawa na pa kwenda akiona bei haimpendezi. Mwaka 2015 Halotel ikaingia sokoni ikiwa imekuja na faiba yake yenyewe, kilometa 18,000 kwa tangazo lake, hadi vijijini ambako wengine walikuwa wanapaangalia kwa mbali.

Sasa tazama vizuri kinachofanana katika mifano hii. Kampuni iliyopo husogea pale inapoamini kwamba mwingine anaweza kuja. Mara nyingi hata hahitaji kufika. Inatosha njia iwe wazi na mwenyeji ajue iko wazi. Hilo ndilo ninaloomba mlishike kuliko yote katika barua hii. Bei yenu ya mwaka wa sita, kasi yenu ya mwaka wa sita, na fundi wa mwaka wa sita kuja siku ileile au baada ya wiki mbili, vyote vitategemea kama kampuni hiyo inalala usingizi ikijua hakuna mwingine anayeruhusiwa kuingia. Kifungu cha miaka kumi kinawaondolea njia hiyo iliyo wazi, na kampuni inataka mwitoe bure.

Swali la rafiki yako wa Area D linaingia hapa. Kwa nini kule watatu na kwenu hakuna? Ushindani una tabia moja mbaya: washindani wote wanatazama ramani moja. Kila mmoja anatafuta maofisi, hoteli, nyumba zilizobanana kiasi na watu wenye mshahara wa uhakika, na kila mmoja anafika palepale. Tangu Serikali ilipohamia Dodoma na mji kupandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, maeneo ya katikati na njia ya kwenda Mji wa Serikali Mtumba yamekuwa kama soko la asubuhi. Mitaa mipya ya pembeni inajaa watu haraka kuliko makampuni yanavyosasisha ramani zao. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma. Wengi wao hawaishi mahali ambapo kampuni ya tatu inachimba mtaro wa tatu.

Na mtaro wa tatu nimeuona kwa macho yangu. Miaka michache iliyopita nilisimamia kazi katika mtaa mmoja wa katikati ya mji huu, nikiwa nimeajiriwa na mkandarasi. Tulichimba, tukalaza bomba, tukafukia, tukasawazisha. Baada ya miezi minne kampuni nyingine ikaja ikachimba upande uleule, ikakata bomba la maji, watu wakakaa siku tatu wakinunua maji ya madumu. Kabla mwaka haujaisha ikaja ya tatu, ikatukata sisi. Katika bomba letu la kwanza kulikuwa na nafasi ya kuwabeba wote watatu, na nafasi ikabaki. Niliposema hilo kwenye kikao, mkubwa wetu alinijibu kwamba hatujengi barabara ili washindani wapite. Nilinyamaza, na hadi leo najuta kunyamaza. Mama mmoja pale alikuwa na mgahawa. Vumbi la mitaro mitatu lilimfukuzia wateja mwaka mzima, na yeye mwenyewe hakuwa hata na haja ya intaneti.

Hapo kuna njia ambayo wajumbe wenu wa pande zote mbili hawajaitaja. Tulirudie bomba. Katika mfano wetu, milioni 60 sehemu yake kubwa ni kuchimba. Tuseme wa pili akiruhusiwa kupitisha waya wake ndani ya bomba lililokwisha kulazwa, na akalipa kodi ya kulitumia, gharama yake ya kuingia inashuka hadi milioni 20. Kwa nyumba 20 zilezile na laki tano zilezile kwa mwezi, fedha yake inarudi kwa miezi 40. Ghafla mtaa wenu unamlipa mtu wa pili kuja. Na wa kwanza hapati hasara tupu, kwa sababu kodi ya bomba inaingia mfukoni mwake kila mwezi bila kumhudumia mteja yeyote.

Uingereza wamekwenda njia hii kwa ukubwa. Mdhibiti wao, Ofcom, aliibana Openreach, yenye mitaro na nguzo za nchi nzima, iwaruhusu wengine kupitisha nyaya zao humo kwa malipo. Makampuni mapya yakaanza kujenga, na Openreach yenyewe, ilipoona hivyo, ikaongeza mwendo. Mwaka 2018 nyumba zilizofikiwa na faiba kamili zilikuwa kama 6 katika kila 100. Mwaka 2024 zilikuwa 69. Sitakuficha upande wa pili: baadhi ya yale makampuni madogo yameelemewa na madeni, na mengine yameanza kuungana. Ushindani wa kujenga una majeruhi wake, na mteja wa kampuni inayokufa hupata taabu. Lakini bomba halifi. Anayenunua mabaki anaikuta njia ipo tayari.

Kwetu sheria haiko kimya. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ni ya mwaka 2010, na chini yake zipo kanuni za mwaka 2018 zinazohusu hasa kufikia na kuchangia miundombinu. TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, ndiyo msimamizi. Kwa hiyo mkimwambia mwenye kampuni kwamba mnataka bomba lenye nafasi kwa wengine, hamjaleta mambo ya ajabu kutoka mbinguni; mnamkumbusha mwelekeo ambao leseni yake inaishi ndani yake.

Sasa tuje kwenye karatasi. Kwanza, kamati ya mtaa haimiliki barabara. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, barabara kuu chini ya TANROADS, na Jiji lina usemi wake kwenye mipango miji. Ahadi ya kamati kwamba "haitaruhusu" kampuni nyingine ni ahadi ya kitu ambacho sidhani kama iko nacho mkononi. Hilo linaweza kukufanya useme, basi tusaini tu, si halina nguvu. Hapana, dada. Karatasi dhaifu inaweza kutumika vizuri kumtisha kampuni ndogo inayokuja baadaye, na inaweza kuwaletea wajumbe wenu kesi ya kuvunja mkataba hata kama mwisho wake mtashinda. Makubaliano ya kuwafungia wengine soko pia ni jambo ambalo Tume ya Ushindani, iliyopo kwa sheria ya 2003, ina mamlaka ya kulichunguza. Msijitie humo.

Elewa pia anachokiogopa mwenye kampuni, kwa sababu hofu yake ni ya haki. Anaogopa kuchimba kisha nyumba 40 zigeuke 15. Nimeona hilo likitokea: watu wanajiandikisha kwa shauku, siku ya kuunganishwa mmoja anasema subiri mwisho wa mwezi, mwingine mpangaji amehama, mwingine hakuwahi kumwambia mumewe. Katika lugha ya kazi yetu kuna nyumba zilizopitiwa na nyumba zilizounganishwa, na kampuni nyingi zimekufa katikati ya hizo mbili. Kwa hiyo mpeni kinachoiondoa hofu hiyo moja kwa moja. Nyumba 50 zilizotanguliza fedha kidogo ya kuunganishwa, ikiwekwa kwenye akaunti ya pamoja na kurudishwa ikiwa taa haijawaka kwa tarehe iliyokubaliwa, zina thamani kwake kuliko sahihi ya kuwazuia watu ambao pengine hawaji. Hicho ndicho kitu mlichonacho nilichokutajia mwanzoni: uhakika wa wateja. Mna haki ya kukiuza kwa bei nzuri.

Kwa uhakika huo ombeni tarehe ya kukamilisha, na makubaliano yafe yenyewe ikipita. Ombeni bomba la ziada au nafasi ndani ya bomba, ikiandikwa wazi kwamba wengine wenye leseni wanaweza kupita kwa malipo ya haki. Mkataba wa kila nyumba usizidi miezi 12, na baada ya hapo mtu awe huru kuondoka kwa taarifa ya mwezi mmoja. Atakayechimba arudishie barabara ilivyokuwa, na kabla hajachimba awaone DUWASA, mamlaka ya maji, kuhusu mabomba yao. Akishikilia kabisa kwamba lazima apate kinga fulani, mimi ningeweza kuvumilia kitu kidogo: kwamba kwa mwaka mmoja au miezi 18 kamati haitaandaa kikao cha kuitangaza kampuni nyingine. Hapo mnampa muda wa kujikusanyia wateja bila kufunga njia ya mtu yeyote.

Wengine kwenye kamati watasema tusubiri tu. Kusubiri kuna gharama, na wewe unazijua kwa risiti za bando. Wakati mnasubiri, ulizeni intaneti ya majumbani inayotumia mawimbi ya simu, ile ya kisanduku unachokichomeka kwenye umeme na laini yake. Kwa nyumba moja yenye mhasibu na wanafunzi wawili inaweza kutosha, hasa mkiwa karibu na mnara. Udhaifu wake ni kwamba mnara wa mtaa mnaugawana wote, na saa mbili usiku, kila mtu akiwa nyumbani, kasi inasuasua. Faiba nayo kipande cha mwisho mnakigawana, lakini chombo ni kipana mno kiasi kwamba nyumba 32 kwa kawaida hazikanyagani. Na zote mbili zinazimika umeme ukikatika nyumbani kwako, kwa hiyo betri ndogo ya ruta iwe kwenye bajeti. Watu wengi hawaambiwi hilo hadi usiku wa kwanza wa giza.

Neno moja kuhusu kampuni mbili, kwa sababu watu huzihesabu vibaya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika zote baharini, upande wa kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi yetu ikawa kati ya zilizoumia sana. Wateja wa makampuni tofauti walikaa gizani pamoja, kwa sababu majina mbele ya duka yalikuwa mengi na njia za nyuma zilikuwa zilezile. Kwa hiyo hata siku mtakapokuwa na wawili mtaani, wewe mwenye kazi ya ofisi nyumbani mwulize kila mmoja mzigo wake unatoka Dodoma kwa njia ipi na unatoka nchini kwa waya upi. Akibabaika kujibu, hilo nalo ni jibu.

Yapo mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuyamaliza. Mkataba wenyewe sijauona, na nisingependa mtu yeyote asaini kwa sababu alisoma maneno yangu. Mpelekeeni wakili hapo mjini ausome mzima, hasa vifungu vya adhabu na vya kuvunja mkataba. Nyumba 50 zikichangia, ada yake haitamuumiza mtu. TCRA wana ofisi ya Kanda ya Kati hapahapa Dodoma: nendeni wenyewe, na jambo la kwanza la kuuliza ni kama kampuni hiyo ina leseni, na ya aina gani, maana leseni ya kujenga miundombinu na ya kuuza huduma ni vitu tofauti. Baadaye mkija kuwa na malalamiko, anzeni kwa maandishi kwa kampuni yenyewe, na isipowatatulia ndipo yapelekeni TCRA, mkiwa na nakala za kila kitu. Kama mtaa una sehemu ya mwamba au korongo, tafuteni fundi wa mitandao asiye wa kampuni hiyo atembee nanyi nusu siku. Atawaambia wapi mtaro utakuwa ghali na wapi nguzo zingetosha.

Nimeacha jambo moja la mwisho kwa makusudi, zile alama za rangi za mwaka juzi. Mtu hapaki rangi kwenye mawe kwa kujifurahisha. Zile ni alama za upimaji, na zinaonyesha kwamba ipo kampuni nyingine ambayo iliwahi kuuweka mtaa wenu kwenye mchoro wake, ikapiga hesabu, na pengine ikaona wateja hawajulikani. Zipigeni picha, nendeni TARURA mkaulize ni nani aliyeomba kibali cha barabara hiyo wakati ule, kisha mwandikieni barua yenye orodha ya nyumba zilizo tayari kuunganishwa. Iandikwe na ipelekwe kabla ya kikao chenu, na nakala yake iwe mezani wakati mgeni wenu anaingia.